Pesa za wenyewe kwenye simu yako: Kuungama pekee hakutoshi

IJUMAA moja jioni, jamaa wangu anayeishi Pipeline, Nairobi, alikuwa amejilaza kejani akiwaza jinsi ya kumkwepa landilodi. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa M-Pesa: amepokea Sh4,500 kutoka kwa mwanamke asiyemjua hata kidogo. Kabla hajamaliza kusoma, ujumbe wa pili ukaingia. Fuliza ilikuwa tayari imekata Sh1,280 alizokuwa akidaiwa. Zikabaki Sh3,220.

Dakika kumi baadaye nambari ngeni ikapiga. Hakushika. Ikapiga tena. Akazima simu.

Kufikia Jumapili jioni, Sh2,000 zilikuwa zimemwendea landilodi na Sh1,220 zimeisha kwa nyama choma na soda pamoja na wasee wa ploti. "Mungu ana njia zake," aliwaambia, na wote wakacheka.

Shida ni kwamba jamaa ni Mkatoliki, tena wa kwaya. Kwaresima ilipofika akaenda kuungama. Akataja dhambi zake, na hili la simu akalipenyeza katikati, haraka haraka, akitumaini litapita. Alitarajia apewe Salamu Maria tatu mambo yaishe. Padri akamuuliza swali moja tu: "Na zile pesa utazirudisha lini?"

Padri haruhusiwi kumwambia mtu yeyote anayoyasikia kwenye kitubio, lakini aliyeungama anaweza kusimulia akitaka. Na huyu alinisimulia akiwa amenuna. "Yaani nimeungama, nimesamehewa, halafu bado nadaiwa?"

Ndiyo, bado anadaiwa. Na sababu zake zinamhusu kila kijana mwenye simu mfukoni, awe Mkatoliki au la.

Dhambi inafutwa, deni linabaki

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, inaligusa jambo hili waziwazi katika namba 1459. Inasema kwamba ondoleo la dhambi huondoa dhambi, lakini halirekebishi madhara yote ambayo dhambi hiyo imesababisha. Aliyekosa anatakiwa kufanya awezalo kurekebisha: arudishe alichoiba, amsafishie jina aliyemchafulia, amlipe aliyemuumiza.

Ukifikiria, hata mtaani tunaelewa hivyo. Mtu akikukanyagia simu ikapasuka kioo, kisha akasema "pole sana bro" na kuondoka zake, utamsamehe labda, lakini kioo bado kimepasuka.

Namba 2412 inaongeza uzito. Anayeshikilia mali ya mwingine anapaswa kuirudisha. Kama mali yenyewe haipo tena, arudishe thamani yake. Na si mwizi mwenyewe tu. Hata aliyemtuma, aliyemsaidia au aliyepokea akijua kilikotoka ana sehemu yake ya kulipa. Kwa hivyo wale wasee waliokula nyama wakiijua hadithi yote wasidhani walikuwa watazamaji tu.

Mfano unaotumika ni wa Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa Injili ya Luka aliyepanda mti ili amwone Yesu. Watu humkumbuka kwa kupanda mti. Alichofanya aliposhuka ndicho kikubwa zaidi: aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na yeyote aliyempunja angemrudishia mara nne. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuwasaidia maskini hakukuchukua nafasi ya kuwalipa aliowadhulumu.

'Cha kuokota si cha kuiba'

Jamaa alikuwa na utetezi wake, na ni utetezi ambao wengi wetu tungeutoa. "Mimi sikuiba. Nilikuwa nimelala. Pesa zimeingia zenyewe. Si wahenga walisema cha kuokota si cha kuiba?"

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, angemkubalia nusu ya hoja hiyo. Anaeleza kwamba mtu anaweza kuwa na wajibu wa kurudisha kitu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni namna alivyokipata: kama alinyang'anya au alilaghai, basi tendo lenyewe ni baya na linamfunga. Ya pili ni kitu chenyewe: hata kama kilimfikia bila kosa lake lolote, bado ni cha mtu mwingine, na maadamu anacho, anapaswa kukirudisha.

Simu ilipolia Ijumaa ile, jamaa hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa na kitu cha mtu mkononi, basi. Kosa lilianza nambari ngeni ilipopiga naye akazima simu akijua wazi ni nani anayepiga na anataka nini. Kuanzia dakika ile hakuwa tena mtu aliyefikiwa na pesa kimakosa. Alikuwa mtu aliyeamua kuzishikilia.

Katekisimu, namba 2409, inataja kushikilia kwa makusudi vitu vilivyokopwa au vilivyopotea kuwa ni kuvunja amri ya "Usiibe", ambayo Wakatoliki huihesabu kuwa ya saba. Sheria ya Kenya nayo haiko mbali na hapo. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu hakizungumzii tu kuchukua mali ya mtu. Kinataja pia kuigeuza kwa hila kuwa yako. Kwa hivyo ile "zimeingia zenyewe" haimsaidii mtu hata mbele ya hakimu.

Na lile la "Mungu ana njia zake"? Hapa tuwe wakweli. Hatuwezi kusema Mungu amejibu maombi yangu ya kodi kwa kuchukua kodi ya mtu mwingine. Mwanamke yule huenda naye alikuwa akiomba usiku huo. Je, yeye alijibiwa nini?

Fuliza ikishakula je?

Hili ndilo swali ambalo Thomas wa Akwino hakuulizwa, lakini kanuni zake zinalijibu vizuri ajabu.

Fuliza hukata deni lako pesa zinapoingia, bila kukuuliza. Jamaa hakuzigusa zile Sh1,280. Mtambo ndio uliozichukua. Je, hizo pia anadaiwa?

Wanateolojia wa maadili wamekuwa wakitofautisha watu wawili kwa karne nyingi. Kuna anayeshikilia mali ya mwingine kwa nia njema, yaani hajui kwamba si yake, na kuna anayeishikilia kwa nia mbaya, yaani anajua. Wa nia mbaya anadaiwa kila kitu, hata kama hakubakiwa na chochote. Wa nia njema anadaiwa kile alichobaki nacho na kile kilichomfaidi.

Kwa mfano, tuseme ulikuwa unangoja malipo ya kibarua, pesa zikaingia, ukadhani ni zenyewe, ukanunua unga na kulipia tokeni za stima, kisha kesho yake ndipo ukagundua zilikuwa za mtu. Hukutenda dhambi ulipozitumia. Lakini unga ulikula na deni la stima huna, mambo ambayo ungeyalipia kwa pesa zako mwenyewe. Umefaidika kwa gharama ya mtu. Kwa hivyo unatakiwa kumrudishia kadiri ulivyofaidika.

Fuliza ni hivyo hivyo. Deni la Sh1,280 lilikuwa lako. Sasa halipo, na aliyelilipa ni mtu usiyemjua. Ulichofanya, kwa lugha rahisi, ni kuhamisha deni kutoka kwa kampuni hadi kwa yule mama. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kulipiwa na mtu asiyejua kwamba anakulipia.

Na kama kweli nimesota?

Hapa Kanisa halina ukali ambao wengi hulidhania. Mafundisho yake yanatambua wazi kwamba mtu asiye na kitu hawezi kulazimishwa kulipa leo. Wajibu haufutiki, ila unasubiri. Unaweza kulipa kidogo kidogo. Lililo muhimu ni kwamba nia iwepo kweli, na unapopata kidogo usijifanye umesahau.

Kuna jambo zito zaidi. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika dhiki ya wazi na ya haraka, ambaye hana njia nyingine, akichukua chakula cha mwingine ili asife, hajaiba. Katekisimu inalirudia wazo hilo katika namba 2408, kwa sababu mali ya dunia iliwekwa kwa ajili ya watu wote kabla haijagawanywa kwa huyu na yule.

Lakini tusiivute kanuni hiyo ikapasuka. Inasema dhiki ya wazi, ya haraka na isiyo na njia nyingine. Mtoto anayezimia kwa njaa ni dhiki ya namna hiyo. Kodi iliyochelewa wiki mbili ni presha, ni aibu, ni usiku usio na usingizi, lakini kwa wengi wetu bado kuna njia nyingine: kuongea na landilodi, kukopa kwa jamaa, kufanya kibarua. Na nyama choma ya Jumapili haimo kabisa.

Pia kumbuka kwamba huijui hali ya aliyetuma. Wanateolojia wa zamani hawakupima uzito wa wizi kwa idadi ya sarafu tu. Waliangalia aliyeibiwa. Kipimo kimoja walichotumia ni ujira wa siku moja: ukimwondolea mtu kiasi cha kumlisha yeye na familia yake kwa siku, umefanya jambo zito. Sh4,500 kwa tajiri wa Muthaiga ni chakula cha mchana. Kwa mama anayeuza mboga Kware huenda ndio mtaji wake wote.

Usirudishe kwa ujinga

Kuwa mwaminifu hakumaanishi kuwa fala. Busara nayo ni fadhila, na wanateolojia huiweka mbele ya fadhila nyingine kuu kwa sababu ndiyo inayoziongoza.

Wakora wanaijua dhamiri yako na wanaitumia. Mmoja anakutumia ujumbe uliotengenezwa ufanane na wa M-Pesa, kisha anapiga akilia kwamba ametuma kimakosa, mama yuko hospitali, tafadhali rudisha upesi. Unatuma pesa zako mwenyewe, ndipo unagundua hukuwa umepokea chochote. Mwingine anatuma pesa za kweli, anakuomba uzirudishe kwa nambari tofauti, halafu anaomba muamala wa kwanza ubatilishwe. Unapoteza mara mbili.

Kwa hivyo, kwanza angalia salio lako, usiamini ujumbe pekee. Pili, pesa zikiwa zimeingia kweli, usizitumie na usizitume popote. Mwambie mhusika autume ule ujumbe wa muamala kwa 456 ili aombe kurudishiwa, na wewe uziache pale pale zilipo. Ombi lake litafaulu vizuri zikiwa bado kwenye akaunti. Njia hii inakulinda wewe na inamlinda yeye. Tatu, kama mwenyewe hajaomba, piga simu kwa kampuni uulize.

Na kama unarudisha mwenyewe, ada ya kutuma ilipwe na nani? Kama hukufanya kosa lolote, si dhambi kukubaliana na mwenyewe ada itoke kwenye pesa hizo. Lakini kama ulizima simu ukala, ada ni yako.

Kwako wewe uliyekosea nambari: usikimbilie kuanika jina la mtu mtandaoni na kumwita mwizi kabla hujajua kilichotokea. Labda simu yake imezima. Labda anadhani wewe ndiye mkora. Kumhukumu mtu haraka bila msingi nako kumo kwenye orodha ya makosa, namba 2477, na jina la mtu ukishalichafua kwenye grupu la watu 200 ni vigumu kulirudisha kuliko Sh4,500.

Sadaka haisafishi pesa

Baadhi ya watu hupata wazo wanalodhani ni la busara: "Basi nitazitoa sadaka." Haifai, mradi mwenyewe anajulikana. Thomas wa Akwino alisema kwamba mali inayopaswa kurudishwa kwa mwenyewe haiwezi kutolewa sadaka. Huwezi kuwa mkarimu kwa mali ya mtu. Ni pale tu mwenyewe anapokosekana kabisa baada ya kutafutwa ndipo mali hiyo huenda kwa maskini.

Vijana wa nchi hii wanalielewa hili kuliko wanavyodhaniwa. Wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha mnamo Juni 2024, wengi waliyanyooshea kidole makanisa, wakiuliza inakuwaje wanasiasa wanamwaga mamilioni madhabahuni kila Jumapili. Novemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza kurudishwa kwa pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi. Askofu hakusema pesa hizo ziliibwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa, na kwamba michango ya namna hiyo huzua maswali ya kimaadili. Hata hivyo, kwa Wakenya waliozoea kuona bahasha zikipokelewa kwa makofi, lilikuwa jambo la kushangaza kusikia neno "rudisheni" likitoka upande wa altare.

Tunapodai walioifuja nchi warudishe mali ya umma, tunadai kile kile Zakayo alichokifanya. Dai hilo ni la haki. Lakini haliwezi kuwa la wakubwa pekee. Si kwamba Sh4,500 ni sawa na mabilioni. Hazilingani, na hata Kanisa halisemi zinalingana. Ila sababu ya kurudisha ni ile ile: si zako.

Kanuni hiyo ukiibeba utaikuta kila mahali. Mkopo wa HELB uliokusomesha, ambao sasa una kazi na mshahara lakini unabadilisha nambari ya simu kila wakikutafuta, ni mali ya mtu unayoishikilia. Kuna mdogo wako wa kidato cha nne anayeungojea. Kama huna kazi, subiri, lakini usijiapize kwamba hutalipa kamwe. Pesa za chama ulizoahidi kuzirudisha "wiki ijayo" tangu mwaka jana, mshahara wa dada wa kazi unaoukata kwa visababu, hata kazi unayolipwa kuifanya ukaifanya ovyo, yote yametajwa au yanaingia katika ile namba 2409.

Alivyomaliza

Jamaa alikaa na swali la padri kwa wiki mbili. Alikuwa bado na ujumbe ule kwenye simu, wenye jina na nambari. Aliogopa kupiga. Angesema nini? Padri alikuwa amemwambia kwamba si lazima ajianike. Anaweza kulipa hata kupitia mtu mwingine, mradi pesa zifike.

Mwishowe alituma mwenyewe, awamu tatu. Sh1,500 mwisho wa mwezi wa kwanza, Sh1,500 mwezi uliofuata, Sh1,500 mwezi wa tatu. Ada zote alilipa yeye. Awamu ya mwisho ilipokwenda, akaandika ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, akaeleza yote, hata nyama choma.

Mama yule alijibu baada ya saa mbili: "Zimefika."

Basi. Hakuna asante, hakuna Mungu akubariki. Jamaa aliniletea simu nione, akiwa amekasirika kidogo. "Nimejinyima miezi mitatu, hata shukrani hakuna?"

Nilimuuliza ashukuriwe kwa lipi. Hakumpa yule mama zawadi. Alimpa pesa zake mwenyewe, zikiwa zimechelewa miezi minne.

Alinyamaza kidogo, akairudisha simu mfukoni. Kisha akaniambia, bila kuulizwa, kwamba Fuliza yake imefika Sh900 tena na safari hii anangoja mshahara.